Daftari, sufuria na turubai: mtaa unavyobeba msiba

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu milioni 5.38, na kati yao wapo wengi waliofikia mitaa yenye wenyewe. Mtu anapanga chumba Mbagala, Tandika au Kimara, anatoka alfajiri kuwahi daladala, anarudi giza limeingia. Salamu yake na jirani ni ile ya kupishana kwenye bomba. Miezi inakatika hivyo. Halafu mzee wa nyumba ya tatu anafariki, na kabla jua halijazama yule mpangaji amebeba viti, amejua mama gani ana sufuria kubwa, na jina lake limeandikwa kwenye daftari. Kesho yake asubuhi watu wanamwita kwa jina.

Ujirani wa mjini hutengenezwa hapo, kwa kazi. Anayetaka kujua kama mtaa wake una uhai asisubiri mkutano wa hadhara. Atazame msiba unavyoendeshwa: nani anapiga simu, nani anashika fedha, nani anasimama jikoni, na sahani zinarudi wapi mambo yakiisha.

Saa za kwanza

Kazi ya kwanza ni taarifa, na ina mpangilio wake. Mfiwa haachiwi simu. Jirani aliye karibu na familia anakaa naye, wanaandika majina ya ndugu wa kuambiwa kwanza, na mwanaukoo mmoja ndiye anayewapigia hao. Baada yao anaambiwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha imamu au viongozi wa jumuiya kanisani, na mwisho kabisa makundi ya WhatsApp. Wenye haraka huanzia mwisho. Picha ya marehemu inarushwa kundini na mshumaa pembeni, na dakika kumi baadaye binti yake aliyeko Mwanza anaanza kupokea "pole sana" wakati hajui kilichotokea. Kosa hili linazuilika kwa kauli moja tu: hakuna kuandika popote mpaka msemaji wa familia aseme tayari.

Mjumbe ni mtu wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Mfumo wa nyumba kumi, yaani kiongozi mmoja kwa kila nyumba kumi hivi, uliwekwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, miaka ya 1960, na ulipoingia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 wajumbe hao, wanaoitwa pia mabalozi, wakabaki kuwa viongozi wa mashina ya CCM, chama kilichorithi TANU, huku mamlaka ya kiserikali yakiwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwenye karatasi, basi, mjumbe hana muhuri wa serikali. Lakini msiba ukiingia, watu wa Dar wa vyama vyote bado humtafuta yeye, kwa sababu anajua nyumba ipi ina nani. Kenya walipoanzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013 wazo lilikuwa usalama. Huku kwetu kazi iliyoubakiza mfumo huu hai mitaani, kwa ninavyoona, ni misiba kuliko wezi.

Karatasi nazo zinaanza mapema. Aliyefia hospitali, hospitali ndiyo inayoandika taarifa ya kifo. Aliyefia nyumbani, familia inapita serikali ya mtaa na kwa mtendaji ili ipate kibali cha kuzika, na kama kifo ni cha ghafla au kina utata polisi wanahusika kabla mwili haujaguswa. Msiba wa mjini huhitaji mtu mmoja wa karatasi tu, kijana mwenye nauli mfukoni na chaji kwenye simu, asiyepewa kazi nyingine. Huyo huyo awakumbushe wafiwa mbele ya safari kwamba kifo kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Familia nyingi hukumbuka cheti siku ya kufuata mafao, ushahidi wote umeshatawanyika.

Kamati huundwa papo hapo, watu watano hadi saba: mwenyekiti, mweka hazina, katibu wa daftari, mtu wa chakula (karibu kila mara mama), mtu wa mazishi, mtu wa usafiri, na msemaji kutoka ndani ya familia. Ikizidi hapo inageuka baraza. Ikikosa mtu wa ndani ya familia, siku ya pili atatokea baba mdogo kutoka mkoani na kupangua kila kitu, na atakuwa na haki.

Muda unatofautiana sana kati ya dini. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo baada ya swala ya adhuhuri au alasiri, kwa hiyo sanda, waoshaji na wachimbaji wanatafutwa kabla ya turubai. Kwa Wakristo mwili huweza kukaa mochwari siku mbili, tatu au zaidi kusubiri ndugu, na hizo ndizo siku zinazokula fedha: kila jioni watu wanakuja kuhani, kila jioni wanakula. Kamati inayopanga bajeti ya siku ya mazishi peke yake inafilisika usiku wa pili.

Meza ya daftari

Nje, chini ya turubai, inawekwa meza ndogo yenye daftari la kurasa ngumu na kalamu mbili. Fedha inayotolewa hapo wengine huiita rambirambi, wengine ubani, wengine mkono wa pole. Ukiitazama hiyo meza kwa makini utauona mtaa mzima.

Wanaokaa pale wawe wawili na wasiwe ndugu wa damu moja. Mmoja anapokea na kuhesabu mbele ya mtoaji, mwingine anaandika. Safu zinazotosha ni tano: namba, jina kamili, anakotoka, kiasi, na njia aliyotolea, taslimu au simu. Safu ya "anakotoka" ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta maneno baadaye. Kwenye mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Mama Asha wanne. Andika "Mama Asha, nyumba ya kona, karibu na mashine ya kusaga", vinginevyo miezi sita mbele hakuna atakayejua ni yupi aliyetoa elfu kumi. Kila ukurasa ukijaa jumlisha palepale chini, usihamishe hesabu kichwani. Jioni, baada ya watu kupungua, fedha zinahesabiwa na watatu (mweka hazina, mwandishi na msemaji wa familia), tarehe na jumla zinaandikwa, wote wanasaini, na fedha zinahama kwenda kwa mtu mmoja anayejulikana.

Penye kuvuja ni sehemu tatu. Kwanza simu: watu hutuma kwa kaka wa marehemu kwa sababu namba yake ndiyo wanayo, yeye amechanganyikiwa, hasemi, na mtumaji anaonekana hakutoa. Dawa yake ni namba moja tu itangazwe, ikiwa na jina linalotokea wakati wa kutuma, na mwenye simu alete orodha ya miamala mezani kila jioni. Pili, ndani. Akina mama wamekaa kwenye mikeka sebuleni na uani, wana kapu lao na karatasi yao, na mara nyingi karatasi hiyo haikutani na daftari la nje. Mwanamke aliyeleta kilo tano za sukari na kukesha akiosha vyombo hayumo popote. Kwa maoni yangu daftari lisiloandika sukari, unga, mkaa na kuni ni nusu ya daftari. Tatu ni ile orodha ya WhatsApp ambayo kila mtu anainakili na kuongeza jina lake chini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, naye anaona aibu kujirudisha. Orodha ihaririwe na mtu mmoja tu, wengine watume ujumbe wa muamala.

Kuna ubishi usioisha kuhusu kusoma majina hadharani. Mitaa mingine husoma kila jina na kiasi chake, hoja ikiwa ni uwazi. Matokeo yake mwenye elfu mbili anaanza kukwepa, na siku moja anaacha kabisa kuja, hata kwa kazi ya mikono aliyokuwa akiifanya vizuri kuliko wote. Isomwe jumla, daftari libaki wazi mezani kwa anayetaka kuhakiki jina lake. Uwazi ni uleule na hakuna anayedhalilika.

Daftari halitupwi. Familia hulihifadhi pamoja na hati za nyumba na vyeti, na msiba ukitokea kwa fulani baba anasema, "Hebu angalieni, kwetu alikuja na nini." Anayerudisha huongeza kidogo. Aliyetoa elfu tano mwaka juzi hupelekewa saba au kumi, maana bei zimepanda na kurudisha kilekile ni kama kufunga hesabu. Hiyo nyongeza ndogo ndiyo inayowaacha watu wakidaiana bila kudaiana, na ndiyo sababu uhusiano hauishi siku ya kuanua tanga.

Jikoni

Mafundisho ya Kiislamu yanataka majirani ndio wawapelekee wafiwa chakula, wala si wafiwa wawapikie waliokuja. Mjini mambo yamepinduka kiasi fulani, watu wanakula kwa mfiwa, lakini fedha na mikono inayopika bado ni ya jirani. Pale ambapo mfiwa anakatiwa vitunguu akiwa amekaa, mtaa uko sawa. Pale anapoulizwa ufunguo wa stoo na pesa ya nyanya, mtaa una shida.

Hesabu ya kupika kwa wengi ina kanuni zake. Kilo moja ya mchele inalisha watu wanane, na kama kuna mboga ya kutosha wanafika tisa. Kwa watu 160 ni kilo 20 za mchele, kilo 10 za maharage, lita 3 za mafuta, kilo 4 za vitunguu, kilo 5 za nyanya, nazi 8 hadi 10 na robo kilo ya chumvi kwa wali. Kosa kubwa ni kuziingiza kilo 20 zote kwenye sufuria moja kwa sababu inaenea. Chini unaungua, katikati unakuwa bokoboko, juu una kiini. Gawa mara mbili, kilo kumi kumi, kwenye sufuria ya lita 40 hivi. Maji ya sufuria kubwa ni machache kuliko ya nyumbani, kwani mvuke unaopotea ni kidogo: lita moja na nusu kwa kila kilo, tui likihesabiwa ndani yake. Maji yakikauka, moto wa chini unapunguzwa mpaka makaa machache, mfuniko unawekwa na makaa yanapaliwa juu, dakika 25 hadi 30. Kuni zinazowaka hazifai hatua hii. Ndiyo maana hata wanaopika kwa kuni huweka ndoo ya mkaa pembeni.

Maharage ndiyo yanayochelewesha msiba. Habari imekuja saa nane mchana, maharage hayajalowekwa, na yakichemshwa makavu yatataka saa tatu au zaidi huku moto ukila mkaa. Siku ya kwanza pika kitu kingine: dagaa, mchicha, au wali na mchuzi wa samaki kama soko liko karibu. Loweka maharage usiku huo kwa ajili ya kesho. Chai ya rangi ya vikombe 100 ni maji lita 25 na sukari kilo 2, tangawizi ikipondwa na kutiwa maji yakiwa bado ya baridi. Anayeweka sukari awe mmoja. Wakiwa wawili kila mmoja atadhani mwenzake hajaweka, na hilo hutokea zaidi kuliko mtu angetarajia.

Mpishi mkuu anajulikana mtaa mzima, na mara nyingi si mtu mwenye cheo chochote. Ukisimama jikoni saa kumi na mbili asubuhi utamwona amejifunga kanga mbili, ana mwiko wa urefu wa mkono, na hasemi sana. Anachoamua ni nani anafanya nini: wasichana wanachambua mchele kwenye masinia, vijana wa kiume wanachota maji na kukuna nazi, mgeni aliyesimama bila kazi anakabidhiwa kisu na beseni la vitunguu. Hapo mtu anaulizwa kwao wapi, ana watoto wangapi, anafanya kazi gani. Maswali ambayo mlangoni kwake yangekuwa umbea, mbele ya beseni la vitunguu ni ya kawaida.

Usiku wanaume wanabaki nje kulala msibani, wengine wakicheza bao, drafti au karata chini ya taa. Wapo wanaoona ni utovu wa heshima. Mimi naona ni njia ya kuwafanya watu wasiende kulala, ili mfiwa akitoka nje saa tisa usiku akute sauti za binadamu.

Kaburi na safari

Kuchimba ni kazi ya vijana wa mtaa, ingawa makaburi mengi ya mjini sasa yana wachimbaji wa kulipwa. Vifaa: majembe mawili, sururu moja, machepe matatu, kamba, ndoo mbili, mbao zilizokatwa kwa kipimo. Watu kumi wanatosha, wakiingia wawili wawili kwa zamu fupi. Udongo wa Dar una mchanga mwingi na kingo hudondoka, hasa kaburi la Kiislamu lenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani unamolazwa mwili. Wachimbaji wazoefu humwagia maji kidogo kingoni ili mchanga ushikane, huweka udongo uliotolewa mbali na mdomo wa kaburi, na mwanandani huchongwa katikati ya sakafu badala ya ubavuni pale ardhi isiposhika. Msimu wa masika maji hupanda kutoka chini, kwa hiyo ndoo si ya kubeba udongo tu. Sanda ni vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, pamoja na pamba, kafuri, sabuni na marashi. Mitaa iliyojipanga huwa na seti moja imefungwa tayari kwa mama mmoja anayeaminika, kwani vifo havijali saa za maduka.

Kwa walio wengi kutoka bara kuna safari. Mwili unapelekwa Moshi, zaidi ya kilomita 500, au Bukoba, zaidi ya 1,400, na mtaa unagawanyika: wachache wanapanda Coaster, wengine wanabaki. Hapa kuna jambo dogo la busara. Wanaosafiri wachaguliwe kwa kazi, wasichaguliwe kwa kuwahi viti. Awepo aliyeshika fedha, awepo mama wa kukaa na mjane, awepo wa kusema kwa niaba ya mtaa kule nyumbani, na wote warudi na taarifa. Wazee wa kijijini hulitazama gari hilo kwa jicho la pekee. Idadi ya waliokuja kutoka mjini ndiyo inayowaambia mtoto wao aliishije huko.

Siku ya tatu tanga linaanuliwa kwa wengi. Kabla watu hawajatawanyika kamati inasoma mapato, matumizi na salio, na salio lote linakabidhiwa kwa mfiwa mbele ya mashahidi. Kamati isiyosoma hesabu siku hiyo haitapata nafasi nyingine. Wiki ikipita kila mtu ana hesabu yake kichwani, na hazifanani.

Chama cha kufa na kuzikana

Mitaa iliyochoka kuanza upya kila mara huunda chama. Nia haikosekani, hesabu ndizo zinazokosewa. Chukua wanachama 60, ada 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Katiba inasema kila msiba wa mwanachama, mwenza, mtoto, mzazi au mkwe unalipwa 300,000. Inaonekana fedha ipo. Lakini kila mwanachama ameleta wazazi wake wawili na wakwe wawili. Hata nusu yao wakiwa wameshatangulia, chama kimejibebesha wazee 120. Wakifa watano tu mwaka huo, ni 1,500,000, na chama kimeshavuka makusanyo yake kabla ya kulipa nauli wala kununua daftari. Wanachama hawaibiwi na mtu hapo. Ni hesabu imewashinda, lakini wataanza kumtazama mweka hazina.

Njia inayodumu ni kutofautisha. Mwanachama, mwenza na mtoto 300,000, mzazi na mkwe 150,000. Misiba miwili ya kundi la kwanza na minne ya kundi la pili inachukua 1,200,000, na 240,000 inabaki kwa nauli na vyombo. Juu yake kunakuwa na mchango wa papo kwa papo, tuseme 1,000 kila mtu, unaoenda moja kwa moja kwa mfiwa bila kugusa mfuko. Hicho kiasi kidogo ndicho kinachowalazimisha wote 60 kupita msibani angalau mara moja.

Katiba ikae kurasa tatu au nne, na nguvu zote ziwekwe kwenye ufafanuzi. Mzazi ni nani: aliyezaa, aliyelea, au wote? Mwenye wake wawili analipia wangapi? Mtoto aliyeoa bado ni mtoto? Mgeni anaanza kunufaika lini? Wengi huweka miezi mitatu ya kusubiri, na ni vizuri, la sivyo watu hujiunga mgonjwa akiwa tayari kitandani. Aliyekaa bila kulipa ada miezi mitatu akifiwa afanyweje? Vyama vikali humnyima kila kitu. Hiyo inaua chama polepole, kwani majirani hawawezi kupita nje ya nyumba yenye kilio na kukaa kimya. Inayofaa ni kumkata deni lake kwenye anachostahili na kumzika kama wengine. Jambo la mwisho ni wanachama wanaofiwa mbali. Mama wa mwanachama akifia Singida, wajumbe wawili wapeleke fedha, nauli yao imeandikwa kwenye bajeti, wasiichangie mfukoni.

Chama kikianza kukopesha akiba yake kimebadilika. Kinaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, na kinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa kuanzia. Ushauri wangu ni kutenganisha: fedha za hisa na mikopo zikae sanduku lake, fedha za misiba zisikopeshwe hata senti. Kifo kitatokea wiki ambayo fedha zote ziko kwa wakopaji.

Baadaye vinakuja vyombo. Viti 100, turubai mbili, sufuria kubwa nne, sahani na vijiko 150, vikombe 100, majamvi sita, ndoo, taa ya kuchaji. Sahani na sufuria zipigwe alama ya msumari chini, maana rangi hukwanguka kwa steelwire. Turubai likunjwe kavu tu na liwekwe juu ya mbao. Likikunjwa bichi linaoza mikunjo, likikaa sakafuni panya wanalitafuna. Mtunza vyombo anatoa kwa kuhesabu na kupokea kwa kuhesabu, na kijiko kilichopotea kina bei iliyoandikwa, hata kama ni ndogo. Vyombo vikikodishwa kwa sherehe vinaleta fedha, ila mkataba useme wazi kwamba msiba wa mwanachama unavichukua hata harusi ikiwa kesho. Bila sentensi hiyo kutakuwa na ugomvi mbele ya lori la viti.

Mpangaji

Udhaifu mkubwa wa mpango huu wote ni wapangaji. Vyama vingi vimeandikwa na wenye nyumba, kwa lugha ya wenye nyumba. Kiingilio ni kikubwa, vikao ni Jumapili saa nne asubuhi wakati muuza matunda yuko sokoni na mlinzi ndiyo kwanza anatoka lindo. Matokeo yake nusu ya mtaa haimo, na mpangaji akifiwa mwenye nyumba wake anazunguka mlango kwa mlango na karatasi. Mitaa iliyolitatua hili imeweka kiingilio cha mpangaji kiwe ada ya mwezi mmoja, vikao viwe jioni, na anayehama apewe barua ya kuonyesha amelipa mpaka lini, ambayo mtaa mwingine wenye chama unaweza kuikubali badala ya miezi ya kusubiri.

Na aliyehamia jana, ambaye hajui aanzie wapi? Ajitambulishe kwa mjumbe wiki ya kwanza, aache jina lake, namba ya simu, na namba ya ndugu mmoja wa kupigiwa akipatwa na jambo. Kilio cha kwanza kikitokea aende mapema asubuhi, saa ambayo wenye mikono ni wachache. Asikae kwenye viti vya mbele. Apite mezani aandikwe, hata kama ni elfu mbili, aseme anakaa nyumba ya nani, kisha azunguke nyuma jikoni aulize maji yanachotwa wapi.